Magonjwa ya Gari Kuukuu

Kila apitaye njia kuu itokayo Bukoba kwenda Muleba huyaona yale magari madogo ya abiria yaitwayo Noah, yaliyotengenezwa Japani na kampuni ya Toyota. Mengi katika hayo ni ya umbo la zamani, lile lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1996, nayo yalitumiwa na watu wa kwao miaka mingi kabla ya kuvuka bahari na kuja kwetu. Gari lililofanyizwa kuchukua watu wanane hupakiwa kumi na wawili, na pamoja nao mikungu ya ndizi, magunia ya kahawa, na kuku waliofungwa miguu. Watu hucheka wakisema kwamba jina lalifaa kweli, kwa kuwa ni safina ya Nuhu. Lakini Nuhu alipewa hesabu ya wale wa kupakiwa. Baadhi ya madereva wetu hawajapewa hesabu yo yote.

Hata hivyo hatuwezi kuyadharau magari hayo. Ndiyo yampelekayo mgonjwa hospitali ya Rubya, au Ndolage, au Kagondo. Ndiyo yaletayo madaftari ya shule, na chumvi, na mabati. Ndiyo yachukuayo hata jeneza la ndugu aliyefia mbali, ili azikwe katika kibanja cha baba zake. Gari likiugua, si mwenyewe peke yake apataye hasara. Kijiji kizima huugua pamoja nalo. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kuandika maneno machache juu ya magonjwa yake, na namna ya kuyatambua.

Sisi waalimu watano wa shule zilizo jirani katika wilaya ya Muleba tulichanga fedha, tukanunua gari moja la namna hiyo, lenye umri upatao miaka 20 na zaidi. Hatukuwa mafundi, wala hatujawa mafundi hata leo. Lakini kazi ya mwalimu ni kuandika. Basi tangu siku ya kwanza tuliliwekea gari daftari. Humo twaandika tarehe, dalili iliyoonekana, chanzo kilichopatikana, na fedha iliyotumika. Daftari limejaa, na jambo kubwa tulilolipata ndani yake ni hili: gari kuukuu halifi ghafula. Husema kwanza, aghalabu kwa siku nyingi, kwa sauti, kwa harufu, kwa moshi, au kwa tone la maji sakafuni. Na fedha nyingi zipoteazo hazipotei kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, bali kwa sababu ya kubahatisha dawa.

Zamani kila mwenye homa alipewa dawa ya malaria bila kupimwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba mgonjwa apimwe damu kwanza ndipo apewe dawa, nasi sote tumeizoea desturi hiyo. Hakuna anayeshangaa leo mganga akisema, “Hebu tupime.” Lakini gari likiugua, twarudi katika desturi ya kale: fundi hutazama mara moja, hutaja kitu, na mwenye gari hukimbilia dukani.

Jirani yetu mmoja alipata taabu ya namna hiyo. Kila asubuhi gari lake lilikuwa zito kuwaka. Fundi aliyemwendea hakupima neno lo lote, ila alisema, “Mzee, betri imekufa.” Betri mpya ikanunuliwa. Baada ya juma moja taabu ikarudi. Fundi akasema, “Basi, ni alternata.” Nayo ikabadiliwa. Taabu ikarudi mara ya tatu, ikawa zamu ya stata. Mwisho akaja kijana mmoja, mwanafunzi wa ufundi aliyekuwa likizoni, naye alikuwa na mita ndogo ya kupimia umeme. Akaufuata ule waya mnene mweusi utokao katika betri kwenda kufungwa kwenye chuma cha gari, akaukuta umeliwa na kutu chini ya bolti yake. Akakwangua kutu kwa msasa, akaukaza, na gari likawaka mara moja. Kazi ile haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Lakini jirani yetu alikuwa amekwisha kuuza kahawa ya msimu mzima kwa ajili ya vitu vitatu ambavyo havikuwa na ugonjwa.

Kwa hiyo sisi twafuata kanuni nne. Ya kwanza ni kuuliza habari kabla ya kushika spana: taabu yaanza lini? Gari likiwa baridi, au likiwa moto? Wakati wa mvua, au wa jua? Likipanda mlima, au likishuka? Ya pili ni kuanza na kisicho na gharama, yaani macho, masikio, pua na mkono. Ya tatu ni kubadili kitu kimoja tu kwa mara moja, kwa maana ukibadili vitatu pamoja na gari likapona, hujui kilichokuponyea. Ya nne ni kuandika.

Tena yafaa mjue kwamba katika Noah za umbo hili injini haiko mbele, ila imefichwa chini ya viti vya mbele. Ni lazima kiti kiinuliwe ndipo ionekane. Ndiyo sababu madereva wengi huikalia mwaka mzima bila kuitazama hata siku moja. Sisi huinua kiti kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi. Hutazama maji, na oili kwa kijiti chake, na mafuta ya breki, na mikanda, na nyaya. Kisha huinama na kutazama chini kama kuna tone. Kazi hiyo yote ni ya nusu saa, na mistari mingi ya daftari letu ilianzia hapo, si njiani.

Ugonjwa wa kwanza tutakaoutaja ni kuchemsha. Apandaye mlima kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu akiwa na mzigo mzito anaujua vizuri. Mshale wa joto hupanda, kisha mvuke hutoka, na abiria hushuka wakikimbia. Ziwa letu la Viktoria liko kwenye kimo cha meta 1,134 hivi juu ya bahari, na katika kimo hicho maji ya sufuria iliyo wazi huchemka kwa digrii 96 hivi, wala hayangoji digrii 100. Huko Kamachumu huchemka mapema zaidi. Lakini maji ya rejeta yamefungwa kwa kifuniko chenye springi, kiyabanacho hata yasichemke mpaka yapite digrii 110. Springi ya kifuniko ikichoka, maji huchemka mapema na kumwagika, na mwenye gari huilaumu injini. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo. Basi kitazamwe kwanza.

Baada ya kifuniko, tazama kama maji yamepungua, na kama yamepungua, yamekwenda wapi. Shika mabomba ya mpira yakiwa baridi: laini kupita kiasi ni mabovu, na yenye nyufa ni mabovu. Tazama uso wa rejeta, kwa maana tope jekundu, mbegu za majani, na wadudu wa barabarani, hata senene katika msimu wao, hujaa katika mapezi yake na kuzuia upepo usipite. Uoshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, mapezi yasije yakapinda. Kisha sikiliza kama feni huzunguka injini ikipata moto.

Kuna mlango mdogo ndani ya njia ya maji uitwao thamostati. Hufungwa injini ikiwa baridi, na hufunguka maji yafikapo digrii 82 hivi. Mafundi wengi huuondoa na kuutupa, wakisema kwamba nchi yetu haihitaji kitu hicho. Hasha! Injini isiyo na mlango huo hukawia kupata joto lake halali, hula petroli zaidi, na oili yake huchafuka upesi. Ukitaka kujua kama mlango ni mzima, uutie katika sufuria ya maji juu ya jiko na uutazame: maji yakikaribia kuchemka hufunguka mbele ya macho yako, na yakipoa hufungwa. Usipofunguka, ununue mwingine.

Lakini ukiona povu likitoka ndani ya rejeta injini ikizunguka, au moshi mweupe usiokwisha, au oili iliyogeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa, basi ujue kwamba gasketi ya silinda hedi imekwisha kuungua. Hapo usiongeze maji na kuendelea na safari, bali lipumzishe gari, umtafute fundi aliye stadi. Mara nyingi ugonjwa huo mkubwa ni mtoto wa ule mdogo uliodharauliwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mshale ukipanda nawe uko mlimani, zima kiyoyozi, fungua hita ya ndani ili nayo ichukue sehemu ya joto, usimame mahali palipo salama. Wala mtu asifungue kifuniko cha rejeta yenye moto. Maji yaliyobanwa yakifunguliwa hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo humchoma mtu uso na mikono. Ngoja mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kukiondoa. Abiria watanung'unika; waache wanung'unike. Na maji ya mtoni yatumike kwa kukuokoa siku hiyo tu, kwa kuwa huleta kutu ndani. Baadaye yaondolewe, ikatiwe kulanti.

Ugonjwa wa pili ni gari kukataa kuwaka. Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha, tuliitwa na mkunga. Mama mmoja alikuwa na uchungu tangu asubuhi, na nguvu zake zilikuwa zikipungua. Hapakuwa na njia ila kumfikisha hospitali. Ufunguo ulipogeuzwa, gari lilitoa sauti ya tik-tik-tik, wala injini haikuzunguka. Vijana waliokuwapo wakaanza kulisukuma kwenye tope. Tukawazuia, kwa maana gari lenye gia za otomatiki haliwaki kwa kusukumwa; gurudumu haliwezi kuizungusha injini kama lifanyavyo katika gari la gia za mkono. Tungalimaliza nguvu za watu bure.

Tukawasha taa kubwa, zikaangaza vyema. Tukageuza ufunguo taa zikiwa zinawaka, zikafifia mpaka zikawa kama kaa la jiko. Basi tukajua kwamba, ama umeme wa betri hautoshi, ama upo lakini njia yake imezibika. Na kati ya mambo hayo mawili, njia ndiyo iliyo rahisi kutazamwa. Tukaleta tochi, tukaona unga mweupe wenye rangi ya kijani umeota kwenye vichwa vya betri.

Mkunga akauliza, “Waalimu, tutafika kweli?”

Tukamjibu, “Tutafika, mama. Tuletewe maji ya moto na magadi kidogo.”

Tukafungua kwanza waya wa upande wa hasi, kisha wa chanya. Tukamwagia maji yenye magadi, unga ukatoka povu na kuyeyuka. Tukakwangua risasi mpaka ikang'aa, tukafuta, tukafunga chanya kwanza na hasi mwisho, tukakaza kwa spana. Ufunguo ulipogeuzwa, injini ikanguruma. Mama yule alifika hospitali, na kabla ya mapambazuko alijifungua mtoto wa kike, wote wawili wazima. Tulimshukuru Mungu. Tena tangu usiku ule vichwa vya betri yetu husafishwa kila mwezi na kupakwa grisi, maana si kila usiku kutakuwa na dakika 20 za kungoja.

Basi, sauti za ufunguo ni kama alfabeti, na kila mtu aweza kujifunza kuzisoma. Tik-tik-tik ya haraka ni dalili ya betri dhaifu, au nyaya zilizolegea au kuota kutu. Mlio mmoja mzito, “tak”, na taa hazikufifia, aghalabu ni stata: makaa yake yamekwisha, au shaba zake za ndani zimelika. Kimya kabisa ni dalili ya fyuzi, au ya swichi ya ufunguo, au ya gia isiyokaa mahali pake. Katika otomatiki jaribu kuisogeza gia kutoka P kwenda N, ugeuze tena. Na ikiwa injini huzunguka vyema lakini haishiki, betri haina kosa. Injini hutaka vitu vitatu tu: petroli, hewa, na cheche kwa wakati wake. Tafuta kilichokosekana katika vitatu hivyo, wala usinunue betri.

Mita ya kupimia umeme si kitu cha bei kubwa, na kijana aliyemaliza shule ya msingi aweza kuitumia. Betri nzima iliyopumzika usiku huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya 12 ni karibu tupu. Injini ikizunguka, mita ionyeshe kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, alternata haifanyi kazi, au mkanda wake umelegea. Tazama mkanda kwanza. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday, mwana wa mhunzi, naye alikuwa Mkristo mcha Mungu, alionyesha kwamba sumaku na waya zikipitana kwa mwendo, umeme huzaliwa ndani ya waya. Alternata yafanya jambo hilo hilo. Mkanda ukiteleza, mwendo hupungua, na umeme nao hupungua.

Kuna desturi mbili mbaya za umeme ambazo twawasihi wasomaji waziache. Ya kwanza ni kufungua waya wa betri injini ikizunguka, ili kuona kama alternata ni nzima. Kufanya hivyo huinua nguvu ya umeme kwa ghafula, na huweza kuua kompyuta ya injini, ambayo bei yake yapita ya alternata. Ya pili ni fyuzi ikikatika kuweka waya wa shaba mahali pake. Fyuzi ni mlinzi. Amekufa ili nyumba isiungue. Ukimwondoa mlinzi, moto utakaofuata hautamwuliza mtu ruhusa. Tafuta waya uliochubuka, hasa zile zilizoongezwa baadaye kwa ajili ya redio, taa za urembo, na kuchaji simu, kisha uweke fyuzi yenye hesabu ile ile.

Ugonjwa wa tatu ni kukosa nguvu na kutetemeka. Hapa swali la mvua na jua hufaa sana. Bukoba ni mahali pa mvua nyingi. Gari likitetemeka asubuhi za mvua na kutulia jua likipanda, unyevu umeingia katika nyaya za plagi. Lifungue gizani, uangalie kama cheche huruka nje ya waya. Likikosa nguvu wakati wa kiangazi, tazama chujio la hewa, maana vumbi la njia zetu za changarawe hulijaza upesi. Na likikosa nguvu mlimani tu, kisha likapata nguvu kwenye tambarare, tazama njia ya petroli. Petroli ya chupa iuzwayo kando ya njia mara nyingi ina maji au takataka, nazo huziba chujio. Tena msikubali tangi likae karibu na tupu siku zote, kwa kuwa pampu imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe. Apungukiwaye na petroli kila siku hupungukiwa na pampu pia.

Taa ya njano yenye picha ya injini ikiwaka, isifunikwe kwa kipande cha karatasi kama tulivyoona katika magari mengine. Kompyuta ya gari imeandika jambo, na fundi aliyejifunza aweza kulisoma. Lakini hata maandishi hayo hutaja mahali pa kutazama tu, wala hayasemi, “Nunua hiki.”

Kuna kitu kimoja kisichotoa sauti kabla ya kukatika, nacho ni mkanda wa taimingi. Katika injini za petroli za Noah hizi huvaliwa kwa kilometa 100,000 hivi. Ununuapo gari kuukuu, humjui aliyelimiliki kwanza, wala hujui kama aliubadili. Basi ubadilishe mara moja, uandike tarehe na kilometa, na moyo wako utulie.

Tumeuacha mwisho ugonjwa wa breki, kwa kuwa ndio mkuu. Magonjwa mengine hukuacha njiani. Huu haukuachi njiani, hukutupa bondeni. Breki zikilia kama chuma juu ya chuma, pedi zimekwisha. Gari likivuta upande mmoja ufungapo breki, gurudumu moja limeshikamana au limelegea. Likishikamana, utalijua kwa harufu na kwa joto la rimu yake. Kanyagio likiwa laini kama sponji, hewa imeingia. Kanyagio likishuka polepole chini ya mguu nawe umesimama, mafuta yavuja ndani au nje. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. Yakizeeka huchemka upesi, hasa katika mteremko mrefu na mzigo mwingi, na yakichemka kanyagio huenda mpaka chini bila kushika kitu. Basi yabadilishwe kila miaka miwili. Na katika kushuka kutoka Kamachumu dereva aweke gia ya 2 au ya L tangu juu, ili injini isaidie kulizuia gari, wala asitegemee mguu wake peke yake.

Hapa hatukubali mashauri ya nusu. Gari lenye dalili hata moja ya breki halitoki siku hiyo, ijapokuwa abiria wamejaa na mnada ni leo. Na watu wanane ni watu wanane. Wanne wa ziada huongeza uzito ambao breki hazikufanyizwa kuuzuia, na nauli yao haitoshi kulipia roho moja. Nasi abiria tusiseme kwamba ni kosa la dereva tu. Sisi ndio tuingiao, tukajibana, na kumwambia aliye nje, “Njoo, ndugu, nafasi ipo.”

Sasa, mtauliza, kwa nini mafundi hubahatisha? Tumelifikiri neno hili sana, nasi twaona kwamba si uvivu wao tu. Mtu wa kwetu hulipa kwa furaha akiona kitu kipya mkononi, stata inayong'aa au betri ndani ya sanduku. Lakini fundi akipima kwa saa mbili, akakaza bolti moja na taabu ikaisha, mwenye gari husema, “Umekaza bolti tu, nikulipe nini?” Basi fundi hujifunza kwamba kupima hakumletei chakula, na kuuza spea humletea. Kwa desturi hiyo sisi wenyewe twawafundisha mafundi wetu kubahatisha, kisha twalia kwa hasara. Yule kijana mwenye mita alistahili ujira mkubwa kuliko bei ya alternata, kwa sababu alifahamu kwamba haikuhitajiwa.

Wala msiseme kwamba elimu ya chuma ni ya wageni. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika juu ya tanuri za kale za Buhaya, ambamo wahunzi waliyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita. Walisema kwamba upepo wa mivukuto ulipita katika mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani ya tanuri, ukapata joto kabla ya kuufikia moto, na kwa njia hiyo moto ulizidi ukali. Watu waliofanya kazi kama hiyo hawakubahatisha. Walijua udongo upi, kuni zipi, na upepo kiasi gani. Nao waliwafundisha vijana wao wakisimama karibu na tanuri.

Basi, enyi wenye magari, mkipata kijana apendaye kupima kabla ya kufungua, mlipeni kwa kupima kwake, hata kama hakuuza kitu. Enyi wazazi, mwana wenu akiwa na mkono mwepisi na subira, mpelekeni akajifunze ufundi wa magari na wa umeme, wala msione haya kwa mikono yake yenye grisi. Na sisi sote tuwe na daftari ndani ya gari, na kalamu iliyofungwa kwa kamba, ili aliyeliendesha jana amwambie atakayeliendesha leo alichokisikia.